Peremende ya Saba

Nilimpenda Galen Wierenga nikiwa nimebandika pua kwenye kioo cha gari lisilo langu.

Ilikuwa Jumapili mchana, tumetoka kanisani. Kwetu Hudsonville hakuna anayeuza gari siku ya Jumapili, na ndiyo sababu sisi huenda kuyatazama siku hiyo hiyo. Ofisi imefungwa, wauzaji wako makwao wanakula nyama ya kuoka, na uwanja mzima wa magari ni wako. Hakuna wa kukuandama nyuma akikuuliza unataka nini. Unazunguka na viatu vyako vya kanisani, unagusa tairi kwa ncha ya kiatu, unakinga macho kwa viganja viwili na kuchungulia ndani, unayamezea mate, unakwenda zako.

Mimi nilikuwa nikichungulia gari la safu tatu. Lilikuwa la kijani kilichoiva hadi kukaribia weusi, limeinuka juu ya matairi yake kwa madaha, na ndani lina ngozi ya rangi ya kahawa yenye maziwa. Nilikuwa na wanangu watatu wa kiume na talaka yenye miaka miwili. Gari langu dogo lilinuka maziwa yaliyomwagika zamani, na asubuhi za shule wanangu walipigana viwiko humo ndani mpaka mmoja alie. Nililitazama lile la kijani jinsi wengine wanavyotazama nyumba. Nilipoinua macho, nikaona kupitia vioo viwili, upande wa pili, mwanaume mrefu naye amekinga macho vilevile.

Tukatazamana. Kioo kilikuwa na giza kidogo, lakini macho yake niliyaona.

"Umeiona safu ya tatu?" aliuliza, kichwa kimechomoza juu ya paa.

"Nimeiona. Hata mama mkwe anaenea."

"Wangu akikaa huko nyuma, mawaidha yake yatanifikia kwa mwangwi."

Nikacheka. "Na mke je? Umemwacha wapi asije kuchungulia naye?"

Tabasamu lake halikuzimika, lilipungua tu. "Karin alifariki. Mwaka wa tatu sasa. Mama mkwe nimebaki naye."

Nilitamani ardhi inimeze. Badala yake nikabaki pale nikiomba radhi kama mtu aliyevunja sahani ya watu, na yeye akazunguka gari lote, kutoka taa za mbele hadi za nyuma, kuja kuniambia nisijali. Jumapili iliyofuata nilikwenda tena. Naye alikuwepo. Sikwenda kwa ajili ya gari, ingawa nilijiambia hivyo.

Miezi minane tulilitazama gari lile. Likiuzwa, lingine hufika la rangi nyingine, nasi huenda kulisalimu. Tulipanga nani atakaa wapi. Binti zake wawili, Annika wa miaka kumi na miwili na Lise wa miaka sita. Wanangu Reece, Levi na Tobin, mkubwa ana kumi na mdogo ana minne. Sisi wawili mbele. Galen alihesabu kwa vidole, akafika saba, akanionyesha vile vidole saba kama mtoto anayetaja umri wake.

"Saba," alisema. "Jan, unajua kuna watu wanaomba muujiza? Mimi naomba saba tu."

Pale pale uwanjani, mwezi wa Machi, theluji chafu ikiyeyuka miguuni petu, alinivisha pete.

* * *

Mama yangu aliposikia hakupiga vigelegele. "Mwanaume mwenye watoto wawili na mama mkwe wa marehemu," alisema, "hiyo si ndoa, mwanangu, huo ni ukoo. Utaingilia mlango gani?"

Bi Arlyce, huyo mama mkwe, hakunitukana hata siku moja. Ingekuwa afadhali. Alikuwa akinikaribisha kwa keki ya lozi, ananikatia kipande cha kutosha, kisha anasema taratibu, "Karin alikuwa na vani. Watu wanane wanaingia. Sioni hilo gari jipya ni la nini."

Vani ya Karin nilijua habari zake. Nilipanda humo kila wiki. Kibanio chake cha nywele bado kilikuwa kimebana ile kinga ya jua ya upande wa abiria. Na kiti kilisogezwa mbele kabisa, kwa ajili ya mwanamke mfupi. Mimi ni mrefu. Magoti yangu yaligusa dashibodi safari nzima, Galen hakuwahi kukirudisha nyuma, nami sikuthubutu kugusa mshiko wa kukisogezea. Nilisafiri nikiwa nimejikunja katika maisha ya mwanamke mwingine, nikitabasamu.

Kwa hiyo msinicheke nikisema nililitamani lile gari. Kiti chake cha mbele kilikuwa na kitufe kinachokumbuka urefu wako. Kitufe cha pili kingekuwa changu.

Aliyenitia wasiwasi kuliko Bi Arlyce ni Annika. Kanisani kwetu, mhubiri akishaanza, peremende hupitishwa benchini kutoka mkono hadi mkono, na sisi hupima hotuba kwa hizo: fupi ni ya peremende mbili, ndefu ni ya tatu. Kwa akina Wierenga kazi hiyo ilikuwa ya Karin. Alipozikwa, Annika alichukua ule mfuko wa karatasi wenye peremende pasipo kuambiwa na mtu. Tulipoanza kukaa benchi moja, peremende zilipita kwa Lise, kwa wanangu, kwa Galen, zikanivuka mimi. Juma la kwanza, la pili, la tano. Msichana hakunitazama. Alikuwa na adabu zake zote, ila peremende hazinifikii.

Kisha siku ya Pasaka nilihisi kitu kigumu, kidogo, kimetiwa kiganjani mwangu. Annika alikuwa anatazama mbele, masikio yamemwiva. Nililia hotuba nzima. Galen alidhani nimeguswa na Ufufuo.

* * *

"Chagua wewe," Galen aliniambia tulipokuwa tayari kuagiza. "Hili ni lako. Mimi nitaendesha tu."

Nilikwenda Jumanne peke yangu, siku ya kazi, mara ya kwanza kuona ofisi ile ikiwa wazi. Muuzaji alikuwa mama mmoja mchangamfu anayeitwa Roelofs. Akanionyesha picha.

"Safu ya kati unaweza kuwa na benchi," alisema, "au viti vya kapteni. Kila kimoja na sehemu yake ya kuwekea mikono, na njia katikati. Wateja wangu wa maana wote wanachukua hivi."

Nilivitazama. Viwili, vimeketi kama viti vya ukumbini mwa hoteli, vina vipasha joto vyake. Benchi lilikuwa benchi tu. Vani ya Karin ilikuwa na benchi. Gari langu la maziwa lilikuwa na benchi. Maisha yangu yote nimesukumana kwenye benchi.

"Kapteni," nilisema, tena kwa maringo.

Juu ya karatasi palikuwa pameandikwa kwamba gari linachukua hadi watu saba. Nilisoma "saba", moyo ukatulia. Lile neno "hadi" sikulisoma. Na yote tuliyoyatazama Jumapili miezi minane yalikuwa na benchi la watu watatu, nasi tulikuwa nje, milango imefungwa, hakuna wa kuuliza.

Lilifika Jumamosi ya mwisho ya mwezi Mei. Nililiingiza uani kwa Galen saa nne asubuhi nikipiga honi mpaka majirani wakatoka. Lilikuwa zuri. Niseme kweli yangu, hadi leo nikifumba macho naliona: ule ukijani, jua limelala juu ya paa lake la kioo, milango inafunguka bila kelele. Galen alitoka na taulo begani, akasimama, akaweka mkono kifuani.

"Mke wangu mtarajiwa amekuja na jumba," alisema, kisha akanibusu mbele ya watoto, wote wakapiga yowe la kinyaa.

Safari ya kwanza ilikuwa ufukweni mwa ziwa, sisi saba, kula mkate na nyama na kupigwa picha. Bi Arlyce alikuwa amekuja na gari lake kutuletea keki, amesimama barazani mikono imekunjwa. Hata yeye alisema, "Lina rangi nzuri," na kwa Bi Arlyce hayo ni maneno mengi.

"Ngojeni!" Annika alipiga kelele. "Msiingie kwanza! Kila mtu atakuta kiti chake kimewekewa."

Alikuwa na ule mfuko wa karatasi. Akaingia peke yake, nasi tukamwona kupitia vioo akipita taratibu kama anayetandika meza ya sikukuu. Peremende moja kiti cha baba yake. Moja kiti changu. Aliiweka katikati kabisa, akaisawazisha kwa kidole. Mbili safu ya kati. Akapita ile njia katikati ya viti, akafika nyuma. Mbili.

Akasimama. Akarudi mbele, akageuka, midomo inahesabu. Akashuka na kiganja wazi.

"Imebaki moja," alisema.

Nilidhani amekosea. Nikaenda mwenyewe, nikahesabu. Mbili, mbili, mbili.

"Anti Janelle," Annika aliuliza, sauti ndogo, bado ina imani. "Mimi nakaa wapi?"

Hapo ndipo ningeweza kusema neno lolote. Ningesema tutapanda vani. Ningesema nabaki mimi. Ningecheka hadharani ujinga wangu. Lakini nilikuwa nimemshika Tobin mkono, vikapu viko chini, majirani wanatazama, aibu imenivaa, na mdomo wangu ukafanya kile ambacho mdomo wa mama hufanya upesi kuliko akili.

"Leo Annika atakuja na bibi yake," nilisema.

Lise alimshika dada yake sketi. Annika alinitazama, safari hii alinitazama kweli, kisha akafunga kiganja juu ya ile peremende.

Bi Arlyce aliteremka ngazi. Nilimtazamia ushindi usoni, sikuuona. Alikuwa ameumia kama mimi. "Njoo, mjukuu wangu," alisema, akafungua mlango wa gari lake. "Kwangu kuna nafasi."

* * *

Ziwani hatukwenda. Lise alikataa kupanda bila dada yake. Bi Arlyce akawachukua wasichana wote wawili kwake, wanangu wakaingia ndani kutazama televisheni. Galen na mimi tulikaa ndani ya gari lile jipya, kwenye viti vyetu vya mbele, kila mmoja na peremende yake mapajani, hakuna aliyeifungua.

"Tutalirudisha," nilisema. "Tuagize lenye benchi. Ni wiki sita tu, Galen. Bi Roelofs ni mtu mwema, atatuelewa. Nitamwomba Annika msamaha kwa magoti."

"Najua."

"Nilikosea karatasi. Neno moja! Nilivutwa na uzuri, mimi ni mjinga, niseme mara ngapi?"

"Si viti, Jan."

"Basi nini?"

Alikuwa anatazama mlango wa gereji, vani ya Karin ilikuwa humo.

"Pale uani," alisema, "ulipojua nafasi zipo sita. Ulianza kumhesabu nani?"

Ningeweza kudanganya. Aliniuliza kwa upole hata uongo ungepita. "Wanangu," nilisema.

"Halafu?"

"Halafu wewe. Mimi. Lise, kwa sababu ni mdogo. Nikafika sita, nikaona imetimia."

Akatikisa kichwa polepole, si kwa hasira. Ningependa angekuwa na hasira. Nilikuwa na majibu mengi ya hasira.

"Sema basi," nilimwambia. "Sema mimi ni mama wa kambo wa hadithini. Bibi yake amekuwa akingoja siku hii tangu mwaka jana."

"Mwache mama. Mama hakusema kitu." Akanigeukia. Yale macho niliyoyaona kupitia vioo viwili yalikuwa karibu yangu sasa, hayana kioo, na nilitamani kiwepo. "Mimi nilimchagua Levi."

"Unasemaje?"

"Annika alipotoka na ile moja mkononi. Kabla hujafungua mdomo. Nilishasema moyoni, Levi atabaki, Levi hajali, Levi ataenda kwa jirani kucheza. Mwanao ananiita kocha. Nimemfundisha kufunga kamba za viatu vya kutelezea barafuni. Nikamshusha kama mzigo, Jan, hata sikufikiri. Tofauti yetu ni kwamba wewe ulinitangulia kusema."

Nilimtazama yule mwanaume niliyempenda, nikamwona amesimama mlangoni pa gari anamshusha mwanangu. Ndani ya kifua changu kitu kilisimama mbele ya Levi na kunyoosha mikono. Galen alikiona usoni mwangu. Nilijua amekiona.

"Unaona?" alisema.

"Tutajifunza," nilisema. "Watu hujifunza. Tupe mwaka."

"Annika alijifunza miezi saba kukupa peremende moja. Nikimwambia ajifunze tena, atanitii. Hilo ndilo linaloniogopesha, atanitii." Akafuta macho kwa taulo, lilikuwa bado begani tangu asubuhi. "Siwezi kuwa na nyumba ambayo kila siku nasikiliza wewe unahesabu, nawe unanisikiliza mimi."

"Unanipenda?"

"Swali gani hilo."

"Nijibu."

"Nakupenda mpaka nimekuwa mwongo," alisema. "Miezi minane nawaonyesha watu vidole saba. Ukweli ni wawili wangu na watatu wako, na sisi tunashikana mikono katikati."

Nikaushika mkono wake. Ulikuwa wa moto, mkubwa, una alama ya msumeno kidoleni ambayo nilikuwa nikiipapasa tukisali. Tukakaa hivyo kitambo kirefu, jua likipita juu ya paa la kioo hadi viti vya nyuma vikaingia kivulini. Aliniomba nimbusu. Nilimbusu. Kisha nilivua pete nikaiweka pale pa kuwekea vikombe, kwa kuwa sikuweza kumtilia mkononi. Nikaingia kuwachukua wanangu, tukaenda nyumbani kwa miguu, mitaa minne, Tobin mgongoni. Levi aliuliza njia nzima kwa nini hatupandi gari zuri.

* * *

Galen alilirudisha Jumatatu. Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, miguu yangu ilinipeleka uwanjani, nami sikuigombeza. Lilikuwepo, mstari wa mbele, limeoshwa. Kulikuwa na mume na mke upande wa pili, vijana, mke ana mimba kubwa, wamekinga macho wanachungulia.

"Tazama viti vile," mke alikuwa akisema. "Yaani tazama!"

Nilitaka kuwaambia wahesabu. Nikaona si kazi yangu, nikaondoka.

Kanisani nilikuwa nimerudi benchi langu la zamani, nyuma, karibu na mlango. Galen alikaa mbele na wasichana wake na Bi Arlyce. Nilikuwa naona kisogo chake, nywele zimeota kupita alivyozoea kuzikata. Hakugeuka. Majuma matatu hakugeuka. Kila nilipomtazama mabega yake yalipanda kidogo, kwa hiyo najua alijua.

Juma la nne, wakati wa wimbo kabla ya hotuba, watu wote wamesimama, nilimwona Annika akitoka kwenye benchi lao. Nilidhani anakwenda msalani. Akaja mpaka kwangu, akasimama kando, urefu wake umeongezeka au niliota. Akafungua kiganja.

Peremende, karatasi yake imechubuka, ile moja iliyobaki siku ile.

"Nimeitunza," alisema kwa kunong'ona. "Nilidhani ni mimi niliyekosa kiti."

"Annika, mwanangu, nisikilize..."

"Kumbe ni wewe."

Hakuwa akinikejeli. Macho yake yalikuwa mekundu kama ya baba yake. Aliitia mkononi mwangu, akavikunja vidole vyangu kimoja kimoja juu yake, kisha akarudi mbele. Wimbo ulikwisha, watu wakaketi. Akina Wierenga walisogeana kumpisha, kama benchi linavyoruhusu, na baada ya hapo pengo halikuonekana tena.

Mhubiri akafungua kitabu. Wanangu wakanyoosha mikono kwangu, nikawaambia zimekwisha. Ilikuwa hotuba ya peremende tatu. Mimi nilikuwa na moja tu, nikaimung'unya polepole.